Gitaa Moja la Paulo Kafeero

Katwe huamshwa na nyundo. Saa moja na nusu asubuhi mafundi wa vyuma wamekwisha kuziwasha mashine zao za kuchomelea, na kando ya barabara vimeanza kupangwa vitu ambavyo nusu ya Kampala huja kuvinunua hapa: mageti, majiko ya mkaa, vitanda, masanduku ya wanafunzi wa bweni, mashine za kusagia mahindi. Juu ya kelele hizo zote huimba redio. Kwa jirani yangu mmoja, fundi wa mageti, sauti inayotoka redioni au katika simu yake aghalabu ni ya mtu mmoja, Paulo Kafeero, aliyefariki dunia tarehe 17 Mei 2007.

Jirani huyu aliponisikia kwa mara ya kwanza nikiwafundisha vijana Kiswahili, alizima mashine yake akanijia.

“Mwalimu,” akaniambia kwa Kiganda, “lugha yako hiyo mimi naijua tangu utotoni. Nilifundishwa maneno mawili tu, na yalinitosha: panda gari.”

Wasomaji wangu walio vijana, na wale wanaojifunza Kiswahili wakiwa mbali na Uganda, huenda wasielewe kwa nini maneno mawili mepesi namna hiyo, ambayo hata kitabu cha kwanza cha mwanafunzi kinayo, yamfanye mtu mzima anyamaze. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Milton Obote na vita vya Luwero, askari waliizingira mitaa ya Kampala alfajiri, wakawatoa watu majumbani, wakawachambua na kuwaamuru wapande malori. Amri ilitolewa kwa Kiswahili, lugha ya jeshi. Wapo waliorudi baada ya siku chache, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Tangu hapo “panda gari” si sentensi tena katika Kiganda cha watu wa Kampala. Ni jina la tukio, kama vile mtu asemavyo “njaa” au “vita”.

Nilimwahidi jirani yangu kwamba nitaandika juu ya Kafeero wake kwa lugha hii hii. Ahadi hiyo ndiyo chanzo cha makala haya. Naandika pia kwa kuwa somo letu la uraia huwa linaanza na katiba, bunge na uchaguzi, ilhali raia wengi wa mtaa huu walijifunza kupima haki na dhuluma kutoka kwa mtu aliyeketi juu ya kiti na gitaa mapajani.

Tuanze na jina la muziki wenyewe. Muziki wa Kafeero huitwa kadongo kamu. Mwanafunzi wa Kiswahili ana bahati, kwa maana jina hili anaweza kulifumbua yeye mwenyewe. Kiambishi ka- ni cha udogo, kama katika “katoto”. Endongo ni zeze la Kiganda la nyuzi nane, lenye bakuli lililowambwa ngozi ya kenge, na baadaye jina hilo likahamia kwenye gitaa. Mzizi -mu maana yake ni moja. Kwa hiyo kadongo kamu ni “kagitaa kamoja”: mtu mmoja, chombo kimoja. Hata pale waimbaji wa namna hii walipopata fedha za kuajiri wapiga gitaa wa pili na wa tatu, wapiga ngoma na waitikiaji, jina halikubadilika, kwa sababu linataja zaidi ya idadi ya vyombo. Linataja mtu anayesimama peke yake na kusema.

Sifa yake ya kwanza ni urefu. Nyimbo za dakika kumi si jambo la kushangaza katika kadongo kamu, na zipo za karibu dakika ishirini. Kiitikio ni kidogo au hakuna. Gitaa hurudia mzunguko ule ule, mara nyingi kwa mwendo unaokumbusha ngoma ya baakisimba, na juu yake mwimbaji anasimulia: alitoka wapi, alimkuta nani, waliambiana nini, kesi iliishaje. Sifa ya pili ni kwamba Kiganda ni lugha ya toni. Neno likipandishwa sauti pasipo mahali pake huwa neno jingine, na kwa hiyo sauti ya wimbo inabidi iyafuate maneno, badala ya maneno kuufuata wimbo. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, na ndiyo sababu mshairi wetu anaweza kuliweka shairi lake katika mahadhi yoyote apendayo. Mtunzi wa kadongo kamu hana uhuru huo. Anaimba karibu sana na mahali pa kuzungumza, na msikilizaji anamsikiliza kama amsikilizavyo mzee anayetoa ushahidi.

Muziki huu una wazee wake. Fred Masagazi, Christopher Ssebaduka na Dan Mugula ni miongoni mwa waliouweka katika sahani za santuri na katika redio kuanzia miaka ya kabla na baada ya uhuru wa 1962. Masagazi ana wimbo uitwao Atanawa Musolo, yaani yule ambaye hajalipa kodi. Musolo ni kodi ya kichwa, ile iliyowafanya wanaume kujificha vichakani machifu walipopita. Nautaja kwa sababu ya kichwa chake tu: miongo mingi kabla ya sisi walimu kuandika somo la “raia na kodi”, mtu mwenye gitaa alikuwa amekwisha kulipa jambo hilo jina lililoeleweka na kila mtu.

Na mahali penyewe palikuwa tayari kwa sauti kama hizo. Katwe iko chini ya Mengo, ng’ambo tu ya Lubiri, jumba la Kabaka, lakini haikuwa ya wakuu. Ilikuwa mahali pa wafanyabiashara wadogo, wachapaji, madereva, wauza pombe na watu waliokosana na machifu wao. Katika miaka ya 1940 na 1950 magazeti madogo ya Kiganda na vijikaratasi vya siasa vilitoka katika vichochoro vyake. Ghasia za 1945 na 1949, ambazo wananchi walidai ndani yake kuwachagua machifu wao na kuchambua pamba yao wenyewe, hazielezeki bila watu wa aina hii. Ignatius Musazi alipoanzisha chama cha Uganda National Congress mwaka 1952, alikuwa akikusanya manung’uniko yaliyokwisha kusemwa barazani kwa miaka mingi. Serikali ya kikoloni iliweza kulifunga gazeti. Kulifunga gitaa kulikuwa kazi ngumu zaidi.

Hapa niruhusiwe kuvuka bahari, kwa sababu gitaa hili lina safari ndefu, na sehemu ya safari hiyo ilipitia Kuba.

Mwaka 1933 kampuni ya His Master’s Voice ilianza kuuza Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV. Nyingi zilikuwa za muziki wa Kuba: son, bolero, rumba. Miongoni mwake ulikuwamo El Manisero, wimbo wa Moisés Simons kuhusu muuza karanga. Watu wa Kongo walizipokea santuri hizo kama barua kutoka kwa ndugu waliopotea, na hawakukosea, kwani midundo ile ilivuka Atlantiki ndani ya miili ya watumwa. Kutoka hapo ikazaliwa rumba ya Kongo. Mwaka 1960, wajumbe walipokuwa Brussels wakijadili uhuru wa Kongo, Joseph Kabasele na African Jazz walirekodi huko Indépendance Cha Cha. Cha cha hiyo ni ya Kuba. Rumba ikafika Kampala, ikajaza kumbi za dansi kama Suzana kule Nakulabye. Upande wa Katanga, kijana Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, alikuwa akiimba kwa Kiswahili huku akilipiga gitaa kavu kwa vidole viwili kana kwamba wamo wapigaji watatu. Kila mpiga gitaa wa Afrika ya Mashariki wa kizazi kile alimsikia.

Lakini ukitaka kumtafutia Kafeero ndugu huko Kuba, usimtafute katika bendi za dansi. Mtafute miongoni mwa waimbaji wa trova wa mji wa Santiago, waliokuwa na gitaa moja na kazi nyingine ya kujipatia riziki. Pepe Sánchez, ambaye wimbo wake Tristezas wa miaka ya 1880 huhesabiwa kuwa bolero ya kwanza, alikuwa fundi cherehani asiyekuwa na elimu ya nota. Mwanafunzi wake Sindo Garay alizaliwa mwaka 1867, akafanya kazi katika sarakasi, na husimuliwa kuwa akiwa kijana aliogelea kuivuka ghuba ya Santiago akiwapelekea ujumbe wapigania uhuru dhidi ya Hispania. Aliishi hadi mwaka 1968, miaka 101. Alipenda kujivuna kwamba mkono wake ulishikwa na José Martí na tena na Fidel Castro. Mtu huyo aliishi kuona koloni, vita, jamhuri na mapinduzi, na katika yote hayo alibaki na gitaa lile lile.

Nimeitaja miaka 101 ya Garay kwa makusudi. Paulo Kafeero alizaliwa tarehe 12 Julai 1970 na kufa Mei 2007. Hakufikisha hata miaka 37.

Kwao ni Nkokonjeru, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kayunga, upande wa magharibi wa mto Nile, nchi ya mananasi na kahawa. Alipozaliwa, Buganda haikuwa na Kabaka. Miaka minne kabla ya hapo, tarehe 24 Mei 1966, majeshi ya Obote yakiongozwa na Kanali Idi Amin yaliushambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II akakimbia, akafia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ikazifuta falme zote. Wapiga ngoma za entenga na wapiga zeze wa jumba la Kabaka walitawanyika, na jumba lenyewe likageuzwa kambi ya askari. Wazee wa Katwe walioyaona mambo hayo wangali hai. Kwa hiyo mtoto aliyekulia katika miaka ile alirithi muziki usio na kasri, na waliobaki wakiubeba ni watu wa gitaa moja. Wakati wa Amin na wa Obote wa pili hao waliimba kwa mafumbo: mgogoro wa mume na mke ungeweza kuwa wa mume na mke, na ungeweza kuwa jambo jingine. Msikilizaji alijua, askari wa kizuizini hakujua, au alijifanya hajui.

Kafeero alianza kusikika mwishoni mwa miaka ya 1980, vita vilipokuwa vimekwisha na kaseti zilipokuwa zimeenea. Kundi lake aliliita Kulabako Guitar Singers. Jina alilojitangaza nalo lilikuwa Prince Job Paul Kafeero. Kujiita mwana wa mfalme katika nchi iliyofuta ufalme, tena ujana unapokuwa bado haujaisha, kulikuwa na kiburi ndani yake, na sauti yake haikukipinga. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Herman Basudde wa upande wa Masaka, aliyemzidi umri na ambaye wengi, jirani yangu akiwa mmojawapo wa wanaokataa, humweka mbele ya Kafeero kwa utunzi. Mashabiki waliwapambanisha kama timu za mpira. Basudde alikufa katika ajali ya gari mwaka 1997. Miongoni mwa nyimbo zake maarufu umo mmoja uitwao Bus Dunia.

Msomaji, kitazame kichwa hicho tena. Dunia ni neno letu. Halikuletwa Masaka na lori la askari. Lilikuja polepole, kwa misafara ya pwani, kwa Waislamu, kwa wachuuzi, likaketi katika Kiganda kama mgeni aliyeoa humo. Nilipomwonyesha jirani yangu kwamba Basudde aliupa ulimwengu wote jina la Kiswahili na kuupakia ndani ya basi, alicheka. Nikaona kuwa yako magari mawili katika kumbukumbu ya Katwe.

Twende sasa kwenye nyimbo tatu za Kafeero. Sitazinukuu, atakaye na azitafute azisikilize. Nitaeleza tu kazi zinayoifanya.

Wa kwanza ni Dipo Nazigala. Hapa pana somo zuri la sarufi. Dipo ni depo, mahali pa kuuzia pombe kwa jumla. Na-zi-gala, katika Kiswahili ni ni-li-zi-funga. Kiambishi cha mtendwa, -zi-, ni kile kile katika lugha zote mbili. Lugha hizi zilizaliwa nyumba moja. Anayesema maneno hayo ni mlevi aliyeamua kuacha. Kafeero hakuja na mahubiri juu ya ulevi wa watu wengine. Aliiweka nafsi ya kwanza mbele: mimi nilikunywa, mimi nimefunga. Nadhani hii ndiyo sababu wimbo huu ungali unapigwa hata mahali panapouzwa pombe, jambo ambalo hakuna bango la wizara ya afya limewahi kulifikia. Na shida yenyewe haikuwa ndogo. Mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani lilipotoa takwimu zake za unywaji wa pombe kwa kila mtu mzima, Uganda ndiyo iliyotajwa juu kabisa.

Wa pili ni Kampala mu Kooti, yaani Kampala mahakamani. Kooti ndiyo “korti” yetu ya zamani. Kichwa hicho peke yake kinafanya jambo ambalo sheria haiwezi kulifanya: kinaufikisha mji mzima kizimbani kama mshtakiwa. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wa darasa la jioni: kama mngeupeleka mji huu mahakamani, mngeushtaki kwa kosa gani? Mmoja alisema nauli. Mwingine alisema kwamba ulimchukua kaka yake na haukumrudisha, na darasa zima likanyamaza. Katika masomo yangu ya uraia hakuna swali lililozaa mazungumzo marefu kuliko hilo, na sikulitunga mimi.

Wa tatu ni Walumbe Zzaaya, na kwa huu sina budi kukaa kitako.

Waganda husimulia kwamba Kintu, mtu wa kwanza, alimwoa Nambi binti Ggulu, mwenye mbingu. Baba mkwe akawaambia waondoke upesi bila kurudi nyuma, wasije wakafuatwa na Walumbe, kaka yake Nambi. Njiani Nambi akakumbuka kwamba amesahau ulezi wa kuku wake. Akarudi. Walumbe akamfuata duniani, na Walumbe ndiye maradhi na mauti. Watoto wa Kintu wakaanza kufa. Ggulu akamtuma mwana mwingine, Kayikuzi, mchimbaji, aje amkamate ndugu yake. Walumbe akajificha ardhini, Kayikuzi akachimba na kuchimba. Mashimo huonyeshwa hadi leo mahali paitwapo Ttanda, upande wa Mityana. Watu walikuwa wameamriwa wakae ndani kimya. Watoto wakatoka, wakamwona Walumbe, wakapiga kelele, naye akarudi chini. Kayikuzi alichoka akarejea mbinguni. Walumbe akabaki nasi.

Kafeero alilichukua jina hilo na kuliimbia mauti katika miaka ya 1990. Lazima tukumbuke ilikuwa miaka gani. Ukimwi ulikuwa umetambuliwa Rakai, ufukoni mwa ziwa huko Kasensero, mwanzoni mwa muongo uliotangulia. Katika kliniki ya wajawazito ya hospitali ya Nsambya, ambayo kutoka hapa niandikapo ni mwendo wa miguu, vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 viliwakuta na virusi wanawake karibu 30 kati ya kila 100. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani akasema kwamba anao ugonjwa huo. Wapo waliosema anadanganya ili auze muziki. Desemba mwaka huo huo akafa. Ujasiri wa Lutaaya ulikuwa wa kulitaja gonjwa kwa jina lake. Kafeero alifanya jambo jingine. Aliurudisha msiba ule mkubwa katika hadithi ambayo kila bibi kizee aliijua, ili mtu aliyezika wanawe watatu asijione kwamba ameadhibiwa peke yake na gonjwa la aibu, bali ajione yumo katika ukoo wa Kintu, ambao umekuwa ukizika tangu siku ya ulezi uliosahauliwa. Wimbo ni mrefu kwa sababu matanga ni marefu. Hukesha nao watu. Nimeusikia ukipigwa katika matanga ya Katwe saa tisa usiku, na sijawahi kuona mtu akiomba upunguzwe.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Kadongo kamu ina mahali pake penye giza. Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza wa Makerere ameandika juu ya jinsia, ukabila na siasa katika muziki huu, na amwonaye mwanamke katika nyimbo hizi atamkuta mara nyingi mno akiwa mdanganyifu, mpenda fedha au mchawi. Mgeni aliyehamia Buganda naye hutaniwa kwa matamshi yake, na utani huo si mtamu kwa anayetaniwa. Baraza la gitaa moja lina kasoro ya kila baraza: anayeshika gitaa ndiye anayeamua nani asemewe na nani achekwe. Mwanafunzi wa uraia na alisikilize akiwa macho.

Kafeero alifia hospitali ya Mulago, akazikwa kwao Nkokonjeru. Miaka miwili baadaye jina la Kayunga likasikika duniani kwa sababu nyingine. Septemba 2009 serikali ilimzuia Kabaka Mutebi, ambaye ufalme wake ulirudishwa mwaka 1993, asifanye ziara yake huko. Kampala ikawaka moto, na Katwe haikupona. Watu zaidi ya 20 waliuawa kwa siku chache. CBS, redio ya Buganda iliyoanzishwa mwaka 1996, ikafungwa, na haikufunguliwa mpaka Oktoba 2010. Jirani yangu anasema kwamba katika mwaka ule hakukosa habari, maana habari hazikosekani Katwe. Alikosa kadongo kamu ya asubuhi. Akarudi kwenye kaseti zake.

Kaseti hizo nazo zina neno la kutuambia. Waimbaji wengi wa namna hii waliuza nyimbo zao moja kwa moja kwa wafanyabiashara, kwa fedha taslimu, na hawakudai tena chochote. Nakala za wizi zilijaa mjini. Sheria mpya ya hakimiliki ya Uganda ilipitishwa mwaka 2006, mwaka mmoja tu kabla Kafeero hajafa. Inamlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hesabu ni nyepesi: haki za mtunzi katika maneno yale yaliyopigwa maelfu ya mara katika baa, teksi na matanga zinaendelea hadi mwaka 2057. Ni nani hasa anayezilipwa, hilo ni swali ambalo kila mwanafunzi mwenye wimbo katika simu yake anaweza kuanza kuliuliza leo.

Jumamosi iliyopita niliitimiza ahadi yangu. Niliketi na jirani yangu juu ya geti ambalo halijapakwa rangi, tukaiweka simu kati yetu, tukaanza kuutafsiri Walumbe Zzaaya kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Yeye akinipa maana, mimi nikitafuta neno. Dakika nne za kwanza zilituchukua saa nzima. Tulikubaliana juu ya kifo, juu ya kaburi, juu ya ndugu. Tulikwama kwenye neno moja la Kiganda ambalo mimi nilitaka kuliandika “huzuni”, yeye akakataa kabisa, akasema huzuni ni ya mtu aliyeketi, na mtu huyu katika wimbo anatembea. Nilimpa “majonzi”. Akakataa. Nilimpa “uchungu”. Akafikiri kidogo, akasema labda, ila tumwulize mama yake kwanza. Kisha mteja akaja kuulizia bei ya geti, nasi tukaahirisha hadi Jumamosi ijayo.